Mkalimani wa Fanueli

Foleni ya studio ya picha pale Mwanjelwa ilifika hadi nje, na Fanueli alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake. Soko lilishachangamka. Wauza mitumba walikuwa wanapiga debe, maduka mawili yanashindana kwa muziki, na mama mmoja alikuwa anachoma ndizi karibu kabisa na mlango hivyo moshi wote ukaingia ndani. Fanueli alikuwa ameingia Mbeya jana yake akitokea Iringa. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, wa kupiga pasi nguo hata anapokwenda dukani tu, na siku hiyo alivaa shati la bluu mpauko alilolichagua kwa ajili ya picha ya hati ya kusafiria.

Mpiga picha alimtazama, akatikisa kichwa.

"Kaka, hilo shati halifai."

"Lina nini?"

"Pazia langu bluu, shati lako bluu. Utatokea kichwa tupu kinaning'inia."

Foleni nzima ikacheka.

"Sina nguo nyingine hapa."

"Basi azima. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa msichana mfupi mwenye gauni la kitenge cha njano, nywele zimesukwa twende kilioni, na juu ya gauni amevaa sweta jeusi, maana baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina mchezo. Alimtazama Fanueli kuanzia viatu hadi kola, akalivua sweta.

"Vaa hili. Haraka, nisije nikaganda."

"Vifungo vyake viko kinyume."

"Kwani Uhamiaji watakagua vifungo?"

Mikono ya sweta ilimfikia chini kidogo ya viwiko. Akapigwa picha akiwa amekaza uso ili asicheke, na alipogeuka kumrudishia mwenyewe, msichana alikuwa ameshika mdomo kwa viganja viwili.

"Ahsante, dada. Unaitwa nani?"

"Tumpe. Toka kwenye taa, zamu yangu."

Alasiri ya siku hiyo wakakutana tena, kila mmoja akishangaa, katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Soweto. Wanafunzi kumi na wanne wa vyuo vya Mbeya na Iringa, wa umoja mmoja wa Kikristo, walikuwa wanajiandaa kwa safari ya misheni ya siku kumi Karonga, kaskazini mwa Malawi. Fanueli alikuwa mwaka wa tatu wa ualimu huko Iringa na ndiye aliyechaguliwa kuhubiri. Tumpe alisomea uuguzi Mbeya. Kwao ni Tukuyu, na lugha ya Wangonde wa Karonga na Kinyakyusa chake zinaelewana karibu neno kwa neno.

"Tumpe atamkalimania Fanueli," alisema mlezi wao, Mwalimu Sifaeli, mtu wa maneno machache. "Pelekeaneni mahubiri mapema. Na jambo moja nalisema mara moja tu: kule hakuna wawili wawili."

Watu wakacheka. Fanueli akaandika kwenye daftari lake kana kwamba ametajiwa tarehe.

Ilibaki miezi miwili. Fanueli akarudi Iringa, na mahubiri yakawa kisingizio cha simu.

"Haloo, mpendwa."

"Mpendwa wa kwenye umoja, au mpendwa gani?"

"Wewe unataka yupi?"

"Mimi sitaki kitu. Nauliza tu nijue niitikie vipi."

"Itikia vyovyote, mradi usikate."

"Hubiri lako nimelisoma. Hii 'toba ya dhamira' naitoa wapi mimi kwenye Kinyakyusa? Bibi yangu angekuuliza dhamira inapikwaje."

"Basi sema moyo."

"Ungeandika moyo tangu mwanzo, mtu wangu, tusingesumbuana."

Neno hilo, mtu wangu, Fanueli alilala nalo siku mbili. Wakaanza kuzungumza kila siku baada ya vipindi: yeye akiwa juu ya ngazi za hosteli, mji wa Iringa umetandaa chini yake, Tumpe akiwa anafua. Akamfundisha Tumpe kusema kamwene, salamu ya Kihehe, naye akafundishwa kusema ndaga fijo, ahsante sana ya Kinyakyusa, akikosea kila mara.

Jumapili moja mchana Fanueli alimweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda cha mbao Mafinga. Aliugua saratani ya ini Fanueli akiwa kidato cha nne. Fanueli akaweka nadhiri ya kufunga siku tatu, asile wala asinywe, ili baba apone. Siku ya tatu saa sita njaa ikamshinda, akaingia jikoni akala maandazi mawili. Jioni hiyo baba akafariki.

Tumpe darasani alishasoma saratani ya ini inamfanya nini mtu.

"Fanueli, ulikuwa na miaka kumi na saba."

"Nilijua nilichoahidi."

"Pole sana, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza alimwita hivyo. Hawakulizungumza tena. Lakini mtu anayejihukumu namna hiyo hahubiri kwa upole, na Tumpe, aliyeyasoma mahubiri yote, alianza kuona kwa nini kila moja liliishia kwenye ukali.

Walivuka mpaka wa Kasumulu katikati ya Agosti. Ofisa aliyeshika hati ya Fanueli alitazama picha, akamtazama mwenyewe, akauliza, "Hili sweta la nani?" na basi dogo zima likapiga kelele. Kijiji walichofikia kilikuwa kwenye uwanda wa ziwa, nyumba za matofali ya kuchoma, migomba, na joto ambalo mtu wa Mafinga hajalizoea. Asubuhi walipaka rangi madarasa na kuosha vidonda vya watoto. Alasiri kulikuwa na ibada.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri mno. Fanueli alisema sentensi, Tumpe akaidaka kabla haijapoa, sauti yake ndogo ikajaa kanisa. Alipoinua mkono, naye akauinua. Mwalimu Sifaeli aliwaweka mabenchi tofauti wakati wa kula, lakini hata mabenchi hayakuficha kitu. Lea, aliyepewa kazi ya kurekodi ibada kwa simu kwa ajili ya ripoti, alimwambia Tumpe, "Nyie mnahubiri au mnaimba?"

Siku ya nne, mada ilikuwa maombi. Kanisa lilijaa. Kwenye benchi la pili alikaa Mama Mwalwanda, mwanamke wa miaka thelathini hivi, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Tumpe alimenya naye mihogo asubuhi ile, akamsikia akieleza jinsi alivyomzika mwanawe wa miaka mitatu wiki mbili zilizopita, homa ya siku nne tu, na jinsi alivyoomba kwa magoti.

Fanueli hakujua hayo. Alikuwa amefika mwishoni na ameacha daftari.

"Ukiona ugonjwa umekaa nyumbani hautoki," alisema, "angalia imani ya nyumba hiyo. Ukiomba huku unayumba, usishangae ukizika."

Tumpe alinyamaza. Watu wakangoja. Kisha akasema, maneno mengi kuliko yaliyosemwa, polepole, akitazama benchi la pili. Mama Mwalwanda akainamisha kichwa akaanza kulia, na wanawake wawili wakamshika mabega.

Fanueli aliona machozi yale akadhani neno lake limeingia. Neno lilikuwa limeingia kweli, ila halikuwa lake.

Aliligundua siku ya sita. Alikuwa amekaa kivulini nyuma ya kanisa, anafuta rangi mikononi, Mama Mwalwanda akamjia. Alikuwa anafanya biashara ya mchele Kyela, kwa hiyo Kiswahili alikijua.

"Mdogo wangu, nimekuja kukushukuru. Ulivyotuambia habari ya baba yako, kwamba ulimwombea naye akafa, na kwamba aliyebaki asijitwishe kifo, nimeweza kulala."

Fanueli alisimama. Akasema ahsante, akazunguka kanisa kumtafuta Tumpe. Alimkuta anaanika vitambaa vya vidonda kwenye kamba.

"Siku ya nne ulisema nini kwenye hubiri langu?"

Tumpe hakujifanya haelewi. "Nilibadilisha maneno."

"Ulimtaja baba yangu."

"Nilimtaja."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Fanueli, yule mama ametoka kuzika mtoto. Wewe unasimama mbele yake unasema mtu akiyumba asishangae akizika. Nifanyeje, nimtafsirie?"

"Ungeninong'oneza. Ungenisimamisha."

"Ningeweza. Sikupata hata nafasi ya kufikiri. Yalitoka tu."

"Na maandazi nayo yakatoka?"

Tumpe aliacha kitambaa mkononi kikidondosha maji kwenye miguu yake.

"Unadhani ningewaambia hilo?"

"Umemsema marehemu baba yangu mbele ya kanisa zima. Sijui tena unasema lipi na unaacha lipi."

"Sawa. Kama ndivyo unavyonijua, amini hivyo."

"Kwa hiyo uliwaambia."

Tumpe akageukia kamba, akaendelea kuanika.

Fanueli alipeleka shauri kwa Mwalimu Sifaeli, akaomba mkalimani mwingine. Mwalimu akawaita wote wawili, akawasikiliza hadi mwisho.

"Tumpe, umechukua kitu cha mwenzako bila kumwomba, ukakigawa. Ni kosa. Na wewe Fanueli, maneno uliyosema siku ile nisingekuruhusu uyaseme kwa lugha yoyote." Akavaa miwani yake. "Siku zilizobaki atakalimani mwalimu wa hapa, Jailos. Nendeni."

Siku nne za mwisho Jailos alikalimani kwa usahihi mkubwa, na watu wakapiga miayo. Kwenye basi la kurudi Tumpe alikaa mbele, Fanueli nyuma. Mbeya waliagana kwa kupeana mikono kama wajumbe wa kikao.

Tumpe alimwandikia mara tatu. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Nisamehe kwa habari ya baba. Ile nyingine sitajitetea." Fanueli aliusoma, alama zikageuka bluu, hakujibu. Hakuwa amemchukia. Kila alipotaka kuandika aliwaona watu wa kijiji kizima wakijua kwamba alikula, akaiweka simu chini. Tumpe naye alikuwa na kiburi chake. Baada ya ujumbe wa tatu aliacha, akaenda mafunzo ya vitendo katika kituo kimoja cha afya Rujewa, akawa anasema yuko sawa kwa kila aliyemuuliza.

Mwezi wa tisa Lea alituma rekodi zote kwenye kundi la WhatsApp. Fanueli alikaa nazo siku tano bila kuzifungua. Siku ya sita alimwita Jofrey, Mnyakyusa wa Rungwe waliyekaa naye chumba kimoja hosteli, akamwekea rekodi ya siku ya nne.

"Nitafsirie. Kila neno."

Jofrey alijilaza kitandani, simu kifuani. Dakika ishirini alitafsiri akichoka, na yote yalikuwa maneno ya Fanueli, hata utani wake ambao haukuchekesha. Kisha ukaja ule ukimya. Jofrey akainuka, akakaa.

"Anasema hivi: 'Ndugu zangu, mimi ninayesimama hapa nilimwombea baba yangu, na baba yangu akafa. Nilikuwa mtoto wa shule. Mtu akifa baada ya kuombewa, msimtafute katika nyumba ile aliyepungukiwa na imani. Aliyebaki asijitwishe kifo.' Halafu anarudi kwenye hubiri."

"Rudisha."

Jofrey akarudisha.

"Hakuna mahali anasema chakula? Maandazi?"

"Maandazi gani?" Jofrey alimtazama. "We vipi, mbona unalia?"

Ijumaa Fanueli alipanda basi kwenda Mafinga. Mama yake alikuwa uani anamenya viazi, amejifunga khanga mbili kwa baridi, vumbi la mbao za misonobari linanukia mtaa mzima. Fanueli akavuta kigoda.

"Mama, siku ile baba anafariki nilikuwa nimefunga kwa ajili yake. Nikala."

"Ulikula maandazi mawili."

"Ulijua?"

"Nani aliyekuwekea pale mezani? Baba yako ndiye aliniambia, mtoto amekonda, mpe kitu ale. Daktari alikuwa ameshatuambia wiki iliyotangulia kwamba dawa hakuna tena. Tulikuficha kwa sababu ya mtihani." Akaweka kisu chini. "Miaka sita unakaa na jambo hili, Fanueli?"

"Sita."

Mama alimshika shingo, akamvutia begani kwake, mikono ina maji ya viazi. Wakakaa hivyo mpaka jirani aliyekuja kuazima ungo akaona aondoke.

"Nani kakufungua mdomo?" aliuliza mama baadaye.

"Msichana mmoja wa Tukuyu. Tumegombana."

"Umemkosea, au kakukosea?"

"Yote mawili."

"Basi anza wewe. Na usimpigie simu. Nenda."

Rujewa ilikuwa kwenye pilikapilika za mpunga. Mashine za kukoboa zilinguruma tangu barabara kuu, pumba zinapeperuka, malori yamejipanga. Fanueli alisimama nje ya geti la kituo cha afya alichoelekezwa na Lea hadi saa saba, shati lake jeupe likageuka rangi ya vumbi. Tumpe alitoka na wenzake wawili, amevaa sare nyeupe, saa imebanwa kifuani. Alipomwona, aliwaambia wenzake watangulie.

"Kamwene," alisema, bila kutabasamu.

"Kamwene. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Simu yako imeharibika?"

"Hili si la simu."

Wakaenda kukaa kwenye benchi la mama ntilie, chini ya turubai. Tumpe akaagiza wali maharage, akamwacha azungumze.

"Nimesikiliza rekodi. Jofrey kanitafsiria yote. Hukusema maandazi."

"Kwa hiyo umeniamini kwa sababu ya rekodi."

"Ndiyo. Nilitakiwa nikuamini kabla yake. Ndicho ninachokuomba unisamehe, hicho hasa."

Tumpe aligeuzageuza kijiko.

"Na mimi nilikosa. Nimejiambia kila siku kwamba nilifanya kwa ajili ya yule mama, na ni kweli. Lakini wakati yanatoka nilijua kabisa nashika kitu chako. Ungeniambia siri nyingine, ningeogopa kuipokea."

"Nimempigia Mama Mwalwanda. Jailos alinipa namba."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba siku ile maneno yale hayakuwa yangu. Na kwamba sasa ni yangu."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema alijua tangu siku ile ile, maana anaelewa Kiswahili, alinisikia mimi kwanza. Alikuja kunishukuru ili nijue ni maneno gani yanamfaa mtu aliyefiwa."

Tumpe aliweka kijiko chini. Alianza kucheka, kisha akaona hawezi kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kidole asiharibu wanja.

"Kumbe alilisikia na lile lako."

"Alilisikia. Nimemwomba radhi."

Malori mawili yakapita. Mama ntilie akaleta maji ya kunywa, akawatazama, akarudi jikoni kwake haraka.

"Mama anataka kukuona," alisema Fanueli.

"Nije Mafinga kama nani?"

"Kama mchumba wangu."

"Umeniuliza lini?"

"Nakuuliza sasa, Tumpe. Unioe... yaani, nikuoe. Ungekubali?"

"Hata hili unataka nikurekebishie?" Akatazama saa yake ya kifuani. "Nimebakiza dakika kumi, na wali umepoa. Mimi nina mitihani, na baba yangu ni mtu wa maswali. Nipe mpaka mitihani iishe. Na usinipigie kila siku."

"Siku moja nipige, siku moja niache?"

"Jaribu uone."

Lakini alipofika getini aligeuka, akampungia mkono.

Wiki nne zilipita. Jumamosi moja saa nne asubuhi Fanueli alikuwa kwenye karakana ya mjomba wake Mafinga, jirani na kwao, anapitisha mbao kwenye mashine ya randa, maranda yamemfika vifundoni, simu ikatetema mfukoni. Aliona jina, akapokea bila kuzima mashine.

"Haloo! Mpenzi!"

Sauti ya Tumpe ilisema kitu.

"Sisikii!"

Ikasema tena, kwa nguvu zaidi.

"Subiri, subiri, nizime mashine!" Akabonyeza swichi. Karakana ikatulia ghafla hata kuku wakasikika. "Haya. Sema."

"Fanueli, nimesema ndiyo. Nimesema mara mbili, hapa bwenini wote wamenisikia isipokuwa wewe. Baba amekubali wazee wako waje Tukuyu Jumamosi ya pili."

"Sema tena."

"Sisemi mara ya tatu."

"Tumpe."

"Ndiyo," alisema Tumpe, kwa sauti ya chini sasa. "Ndiyo, mpenzi."

Fanueli alikaa juu ya rundo la mbao. Mama yake alitokeza mlangoni, ungo mkononi, kuja kuuliza kwa nini mashine imezimwa kabla ya wakati.

"Nani huyo kwenye simu?"

"Mkweo, mama."

Mama aliweka ungo chini, akapangusa viganja kwenye khanga, akanyoosha mkono apewe simu.